Eustakia Atafuta Pa Kuficha Barua

Eustakia hakuwa mtu wa kushtuka ovyo, lakini Jumamosi ile sokoni Ngara mjini alishtuka mpaka nyanya zikamponyoka. Juvenali alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, kofia mkononi, akitabasamu kama mtu mwema. Alimwamkia shikamoo, akangoja marahaba yake mpaka akaipata, ndipo akasema, "Mama Restuta, ukimwona mama mkwe wangu Francisca, mpe hongera zangu. Nasikia binti yake siku hizi ana cherehani."

Kisha akavaa kofia, akaenda zake bila kununua hata kitunguu.

Mwingine angesema ni umbea wa sokoni tu, na soko la Ngara halijawahi kupungukiwa umbea. Eustakia hakusema hivyo. Habari ya cherehani ilikuwa imeandikwa kwenye barua moja tu, barua hiyo ilifika kwenye kompyuta yake siku kumi kabla, na walioijua ni wawili: yeye aliyeisoma, na Francisca aliyesomewa. Barua ileile ilitaja na mji. Kama Juvenali alikwisha kupata cherehani, mji ulikuwa mbali naye kiasi gani?

Irakoze, binti wa Francisca, aliolewa na Juvenali akiwa na miaka kumi na tisa, akavunjwa mkono akiwa na ishirini, na wiki ile mfupa ulipounga alipanda gari la asubuhi na mfuko mmoja. Juvenali aliapa mbele ya watu kwamba atamrudisha, na kama hatarudi kwa miguu yake atarudi kwa kubebwa. Mara ya kwanza alimpata kwa njia ya namba ya simu, na majirani ndio waliomwokoa. Tangu siku hiyo Irakoze alitupa laini, akahama mji, akaapa kwamba simu na yeye basi. Aliandika barua pepe kwenye kompyuta ya mwenye duka la nguo aliyempa kazi. Na kwa kuwa mama yake, mkulima wa Mbuba, hakupata kukaa darasani hata siku moja, barua zote zilipitia kwa Eustakia.

Si zake tu. Eustakia alikuwa karani wa parokia kwa miaka karibu thelathini, tangu enzi za mashine ya kuchapa yenye utepe mpaka za kompyuta, na alipostaafu watu hawakukubali kwamba amestaafu. Walimfuata nyumbani kwake, chini kidogo ya stendi, kwenye kile chumba cha mbele chenye kompyuta ya mezani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Mwenye mtoto chuoni, mwenye ndugu ng'ambo, mwenye kesi ya shamba, wote barua zao zilishukia hapo. Alisoma kwa sauti ndogo, mlango ukiwa umefungwa, na alichosoma hakikuvuka kizingiti. Kwa hilo watu walimheshimu kuliko alivyojua mwenyewe.

Walichomlaumu ni shaka. Eustakia alimshuku muuza maziwa, alimshuku fundi wa paa, na padri mpya alimshuku mwezi mzima kwa sababu alicheka sana. Wachache walijua shaka hiyo ilianzia wapi. Mwaka tisini na nne, alipokuwa na miaka thelathini, aliazimwa kwenda Benaco kuchapa orodha za wakimbizi kambini, watu waliokimbia mauaji ng'ambo ya mpaka. Siku moja alikuja mwanamume mwenye shati safi, akasema anamtafuta ndugu yake, akataja jina. Eustakia alimwonea huruma, akamwonyesha hema liko safu ya ngapi. Kesho yake hema lilikuwa tupu, sufuria bado iko mafigani. Huenda ndugu waliondoka pamoja kwa furaha. Huenda sivyo. Hakupata kujua, na mtu asiyepata kujua jambo kama hilo hushuku mpaka kivuli chake.

Kwa hiyo Jumamosi ile alirudi nyumbani na mtuhumiwa wa kwanza alikuwa kompyuta yenyewe. Hapo tusimcheke. Tangu barua ya Irakoze ifike, kila alipofungua ile posta ya bure ya mtandaoni aliyoizoea, pembeni palijitokeza picha za cherehani. Cherehani za miguu, cherehani za umeme, moja hata ya rangi ya waridi. Eustakia hajapata kuulizia cherehani maishani mwake. Nani basi aliwaambia hao wenye matangazo? Mtu anayekusomea barua zako akuuzie cherehani, atashindwaje kumsomea Juvenali?

Alitaka kumwandikia Irakoze palepale: hama, anajua. Akaweka vidole kwenye kibodi, akaviondoa. Kama kuna anayesoma, atasoma na hilo onyo, na jibu la Irakoze litakalotaja anakohamia litasomwa pia. Atakuwa amemwonyesha tena mtu safu ya hema. Akazima kompyuta, akaifunika kitambaa, akakaa akiitazama kama mtu anayemtazama mbwa aliyemng'ata.

Alihitaji programu ya barua ya kukaa ndani ya kompyuta yake mwenyewe, ambayo barua zikishuka humo zinafutika kule mtandaoni, na mlango wake una neno la siri lake peke yake. Aliwahi kusikia zipo. Taabu ni kwamba mtu pekee aliyejua habari hizo ndiye alikuwa mtuhumiwa wa pili.

William ni mkwe wake, mume wa Restuta, binti yake wa pekee. Ni mtoto wa mzee Malongo, Msukuma aliyehamia Biharamulo na ng'ombe zake miaka mingi iliyopita. William hakutaka ng'ombe, alitaka nyaya, na sasa ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta pale Benaco, malori yanapopumzikia. Yeye ndiye aliyemfungulia Eustakia ile posta ya bure, na neno la siri alilichagua yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, Eustakia alijiambia, na kadiri alivyofikiri ndivyo ushahidi ulivyozidi kunenepa. Kijana huyo hakupata kumtazama usoni hata mara moja. Akija haingii ndani, husimama mlangoni, uso upande wa barabara. Mkono hatoi. Chakula hali mbele yake. Siku ya posa wazee wa upande wa pili walieleza kwamba kwao mkwe humheshimu mama mkwe kwa kumkaa mbali. Eustakia alisikia maneno hayo, akaitikia kwa kichwa, na moyoni akasema mtu asiyetaka kutazamwa ana cha kuficha.

Halafu kulikuwa na lile la mtoto. Miaka sita ya ndoa, na nyumba kimya. Miaka minne nyuma William alisema mwenyewe mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba tatizo ni lake, wamsamehe. Wazee walimsamehe. Eustakia hakumsamehe. Pasaka iliyopita alimwambia Restuta jikoni, kwa sauti ya kusikika mpaka uani, kwamba kaburi halijachimbwa, nyumbani kwao bado kuna kitanda, yaani amwache mume arudi. William alikuwa uani akipasua kuni. Aliendelea kupasua kuni.

Lakini kuni zikikosekana hupikwa hata kwa za mwarobaini. Jumapili Eustakia alimpigia Restuta, na Jumatatu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mji, William alishuka kwenye bodaboda, begi mgongoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Pita."

Hakupita, kama kawaida. Aliweka flashi juu ya kigoda kilichokuwa mlangoni, akarudi hatua mbili nyuma. Eustakia akaichukua, akaichomeka, na hivyo ndivyo kazi ilivyofanyika: mama mkwe ndani mbele ya kompyuta, mkwe nje amegeukia migomba, akielekeza kwa mdomo. "Bonyeza mara mbili, Mama. Sasa kuna kidirisha kimefunguka. Soma majina." Mpita njia angedhani anasali na migomba.

Programu zilikuwa tatu.

"Ya kwanza ni ya nani?" Eustakia akauliza.

"Ya kampuni kubwa, Mama. Ni bure."

"Wanakula nini hao wanaotoa bure?"

William akafikiri. "Wanaweka matangazo."

"Ya cherehani?"

"Ya chochote, Mama."

Hiyo ikafutwa. Ya pili ilikuwa nzuri kwa macho, imetulia, lakini kabla ya kufunguka ilitaka namba ya simu ya mwenyewe, tarehe ya kuzaliwa na ruhusa ya kuangalia orodha ya watu wake wote. Eustakia akasoma maswali hayo mpaka mwisho, akavua miwani. "Hata padri kwenye kitubio haniulizi haya." Nayo ikafutwa.

Ya tatu, William alieleza, haina kampuni inayoiuza. Imetengenezwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi, na yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani aone ilivyotengenezwa, kila mstari. Inashusha barua zote kwenye kompyuta ya mwenyewe, picha za matangazo inazizuia, na mtandao ukikatika bado unasoma.

"Yeyote anaona ndani?"

"Ndiyo, Mama. Ndiyo sababu ni salama. Mdudu akiingia, wengi watamwona."

"Nyumba ambayo kila mpita njia anajua ilivyojengwa, wewe unaniambia nikafiche humo roho ya mtoto wa mtu?"

"Wanaona ilivyojengwa, Mama. Kilicho ndani yake hawakioni."

Maneno yalikuwa na akili, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi. Yule wa Benaco mwenye shati safi naye alikuwa na maneno yenye akili. Eustakia aligeuka kwenye kiti, akautazama mgongo wa mkwe wake pale nje, na neno likamtoka.

"Basi onja kwanza wewe."

Kwa Wahangaza, wenyeji wa Ngara, pombe ya ndizi haimfikii mgeni mdomoni kabla aliyeileta hajaionja mbele ya watu. Hupiga funda, watu wakaona koo likishuka, ndipo kibuyu kizunguke. Ni adabu, na wengi wanaifanya bila kukumbuka sababu. Lakini kumtamkia mtu "onja kwanza" kwa mdomo wako si adabu tena. Ni kumwambia: nadhani umetia sumu. Huambiwi na rafiki, na mkwe hamwambii mkwewe abadani.

William alikuwa ameoa Ngara, na Restuta alimfundisha ya Ngara. Alielewa. Eustakia aliona mabega yake yakipanda, yakakaa juu kidogo, yakashuka.

"Niionjeje, Mama?"

"Weka barua zako humo, zote. Zikae siku tatu. Sumu nyingine ni za polepole. Zisipovuja, nitaweka za watu."

Ilikuwa si haki, na sehemu yake moja ilijua. Lakini sehemu nyingine ilikuwa inangoja akatae. Akikataa, mwizi amepatikana.

"Sawa, Mama," William alisema.

Eustakia akatoka nje, William akaingia, na walipopishana mlangoni kila mmoja alitazama chini. Akaandika jina lake na neno lake la siri, barua zikaanza kushuka, akatoka. Hakuomba chochote. Alisema tu, "Wewe unajulikana kwa kutunza barua, Mama," akapanda bodaboda kurudi Benaco.

Eustakia alipika maharage. Alipalilia vitunguu ambavyo havikuwa na magugu. Saa saba mchana alikuwa amekaa mbele ya kompyuta.

Alijiambia hasomi, anakagua. Barua za William zilikuwa mia nne na kitu, zimejipanga kama wanafunzi wa mstarini, zote kwa wino mzito kwa sababu programu mpya haijui ipi imesomwa na ipi bado. Juu palikuwa na sehemu ya kutafutia neno. Aliandika "Juvenali". Hakuna. Aliandika "Irakoze". Hakuna. Akaandika mji ambao Irakoze alikuwa anashona, mji ambao hakupata kuutaja mbele ya mtu mwingine yeyote zaidi ya Francisca: "Kahama".

Ikajitokeza barua moja.

Nimekukamata, alisema kwa sauti, peke yake chumbani. Akabonyeza mara mbili.

Ilikuwa ya miaka minne nyuma, kutoka kwa daktari wa kliniki moja ya Kahama. Daktari aliandika maneno machache tu: amewaelewa, siri yao itabaki kwake, na mlango uko wazi siku wakitaka kujaribu tena. Chini yake, kama ilivyo desturi ya barua pepe kubeba zilizotangulia mgongoni, palikuwa na maneno ya William aliyokuwa akijibiwa.

"Daktari, tumepokea majibu. Tumeelewa kwamba kwangu hakuna kasoro na kwamba mirija ya mke wangu imeziba yote miwili. Tunaomba jambo hili libaki kwetu watatu. Nyumbani nitasema tatizo ni langu. Mke wangu ndiye aliyeomba hivyo na mimi nimekubali. Anasema mama yake akijua, hatakaa mpaka ampate aliyemroga. Ataanza na wifi zake, atakuja kwa majirani, na ukoo utavunjika, na mke wangu atakuwa sababu. Mama ni mtu mwema, ila ndivyo alivyo."

Eustakia alisoma mara moja, akasoma tena. Aibu ilimpanda, na kilichomtia aibu kuliko vyote hakikuwa kusoma barua ya mtu. Ni kwamba alipofika kwenye neno "mirija", kabla hajafika mwisho wa mstari, jina la wifi yake mmoja lilikuwa limeshaingia kichwani, na la jirani mmoja nyuma yake. Restuta alijua. Alimjua mama yake mpaka mpangilio wa majina.

Wilaya nzima ilimwachia siri zake kwenye chumba hiki. Mwanawe wa kumzaa hakuthubutu. Na yule mkwe aliyepasua kuni siku ya Pasaka alisikia neno la kitanda, akajua anayoyajua, akainua shoka tena.

Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha akafuta macho kwa kitambaa cha kompyuta, kwa sababu wazo moja lilikuwa limesimama mbele yake. Mtu aliyeweza kubeba hili miaka minne bila kulitua hata akitukanwa, huyo hawezi kumwuzia Juvenali habari ya cherehani. Kama si William, hajui ni nani. Na yeye alikuwa amekaa siku mbili nzima bila kumwonya Irakoze, na alikuwa amepanga kukaa tatu nyingine, kwa ajili ya kumwonjesha mtu asiye na kosa.

Alifungua posta yake ya zamani. Zile cherehani zikachomoza pembeni, akaziacha zichomoze. Akaandika: "Mwanangu Irakoze, J. anajua una cherehani. Mji sina hakika. Usingoje jibu langu. Ondoka leo, na usiniandikie unakwenda wapi." Akatuma, saa nane kasoro.

Jumanne asubuhi Francisca aliingia na kikapu cha maharage mabichi, anatembea kwa furaha kama mtu aliyesikia habari njema. Eustakia alimkalisha, akafunga mlango, akamweleza Juvenali alivyosema sokoni. Francisca akashika kifua.

"Mama Restuta, nani kamwambia? Mimi sijafungua mdomo kwa mtu. Hata kwa shemeji zangu. Nimemwambia Mungu tu."

Eustakia, karani wa parokia wa miaka karibu thelathini, akavua miwani. "Ulimwambia Mungu wapi, Francisca?"

"Kigangoni kwetu, si misa ya Jumapili ile! Nilikwenda kwa katekista nikaweka nia ya misa ya shukrani, naye akaandika vizuri kabisa. 'Francisca anamshukuru Mungu kwa ajili ya binti yake Irakoze aliyepata kazi ya ushonaji na cherehani.' Padri akaisoma, watu wote wakasema amina. Nilifurahi sana."

"Kahama uliitaja?"

Francisca akatafuta kichwani. "Nilimtajia katekista. Kama aliandika, sijui. Mimi sijui kusoma, mama. Niliposikia jina la mwanangu kanisani sikusikia kingine."

Eustakia alikuwa amechapa nia za misa elfu na elfu kwa vidole hivi hivi. Za wagonjwa, za marehemu, za wanaosafiri na wanakosafiri. Alishuku kompyuta, alishuku matangazo, alishuku mkwe, na hakupata kushuku karatasi aliyoiandika maisha yake yote. Alitaka kumkaripia Francisca. Alipomtazama uso, hakuweza.

"Mungu amesikia," alimwambia. "Sasa tuombe asisikie mtu mwingine."

Siku ile ilikuwa ndefu. Francisca hakurudi Mbuba. Alikaa kwenye mkeka na rozari, Eustakia akafungua posta kila nusu saa na kukuta cherehani tupu. Alasiri mtu wa stendi alipita, akasema kwa habari tu kwamba Juvenali alionekana jana akipanda basi la kwenda Kahama. Francisca aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Eustakia akamshika mkono.

Jibu lilikuja Jumatano saa nne.

"Mama Restuta, shikamoo. Nilisoma barua yako juzi saa kumi, nikaaga, nikaondoka saa kumi na moja na gari la kwanza nililolikuta. Mwenye duka ameniandikia kwamba jana asubuhi, alipofungua tu, mwanamume wa Ngara alikuja na kofia mkononi, mpole sana, akiulizia dada yake fundi. Hakupewa kitu. Mimi ni mzima. Mwambie mama mkono wangu haujambo na nimeacha cherehani lakini nitapata nyingine."

Eustakia alimsomea Francisca barua hiyo mara tatu, mara zote kwa sauti ndogo. Mara ya tatu Francisca alicheka na kulia kwa pamoja, akafunga kikapu chake, na pale mlangoni alisema bila kuambiwa, "Safari hii nitamshukuru kimoyomoyo." Alipotoka Eustakia alihesabu siku kwa vidole. Kama angengoja pombe ionjwe mpaka mwisho, onyo lingeondoka Alhamisi.

Alhamisi William alikuja. Shikamoo, marahaba, kigoda, hatua mbili nyuma.

"Mama, umeionaje?"

"Ni hii hii. Toa zako, niwekee za watu."

Alitaka kuongeza neno. Neno lilikuwepo tangu Jumatatu, lakini angelisema vipi bila kusema alikolitoa? Akatoka nje, wakapishana, naye akaenda kusimama kwenye migomba, zamu hii yeye ndiye amegeuza mgongo.

William alikaa mbele ya kompyuta muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Barua zake mia nne na kitu zilikuwa kwenye wino mzito, hazijaguswa, kama alivyoziacha. Moja tu, katikati, ilikuwa na wino mwembamba, kama programu inavyofanya kwa barua iliyofunguliwa. Alizifuta zote, na ile pamoja nazo. Akaweka posta ya Eustakia, akamwita, akarudi nje akimwelekeza kwa mdomo namna ya kuandika neno la siri jipya, uso kwenye barabara ili asilione hata kwa bahati mbaya.

"Mama, tayari."

"Asante, mwanangu."

Hakupata kumwita hivyo. William aliinamisha kichwa kidogo, akaweka begi mgongoni, akaenda zake stendi kwa miguu.

Saa tisa alasiri simu iliita. Ni Restuta.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mumeo amefika?"

"Amefika." Nyuma ya sauti yake lori lilipiga honi ndefu, likapita. "Mama, kuna barua moja ulifungua."

Eustakia alikuwa na majibu matatu tayari. Kidole kiliteleza. Umeme ulikatika ukarudi. Alidhani ni yake. Maisha yake yote alikuwa amesikia majibu ya namna hiyo kutoka kwa watu, na hakupata kuliamini hata moja.

"Nilifungua," alisema.

Restuta alipojibu sauti yake ilikuwa imepungua, kama ya mtoto aliyevunja kitu. "Sikutaka kukuficha, Mama. Nilitaka kukwambia mwaka ule ule. Nilikuja mpaka mlangoni kwako siku moja, nikarudi."

"Ningejua, mwanangu—"

"Ungejua ungefanya nini?"

Kompyuta ilikuwa wazi, programu mpya imekaa tayari na barua za watu wote, imefungwa vizuri, haina tangazo hata moja. Eustakia alilijua jibu lake. Binti yake alikuwa amelijua miaka minne kabla yake.

"Ningemtafuta mtu," alisema.

Restuta akaanza kulia. Mama yake akaibana simu sikioni kwa mikono miwili, akamsikiliza mpaka mwisho, na hakumwuliza swali hata moja.